Katheta ya Kusafisha Damu Ikiingia Maambukizi: Mwongozo Kamili kwa Wauguzi na Matabibu

Mgonjwa anaunganishwa kwenye mashine saa moja asubuhi. Kabla ya saa mbili anatetemeka meno yakigongana. Anachomwa seftriaksoni, anapewa panadol, baridi inatulia, anarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye ni yale yale. Safari ya tatu analalamika mgongo, na hapo ndipo mtu anauliza kama damu iliwahi kuoteshwa, yaani kupelekwa maabara kuona kama kuna bakteria watakaoota.

Makosa hapa ni mawili tu, na hurudiwa kila kituo: dawa hutangulia damu ya maabara, na hakuna anayeamua katheta yenyewe ifanywe nini. Mwongozo huu unahusu katheta za muda mrefu za kusafisha damu, zile zinazopita chini ya ngozi ya kifua na kuingia mshipa mkubwa wa shingo, ambazo wagonjwa huziita mpira wa shingoni. Unahusu watu wazima. Dozi nilizoandika ni za kulinganisha na mwongozo wa hospitali yako. Anayeandika dawa ni daktari, na mfamasia aone kabla haijachanganywa.

## Andaa hivi kabla mgonjwa hajatetemeka

Ukisubiri dharura ndipo utafute chupa za kuotesha damu, utaishia kuchoma dawa kwanza. Weka kasha moja, lifungwe, liandikwe, na liwe na:

- Chupa za kuotesha damu, angalau nne, ambazo hazijapita muda wake.
- Klorheksidini iliyo ndani ya spiriti. Kwa mwenye mzio, povidoni ayodini.
- Glovu tasa, gozi tasa, na barakoa mbili: moja yako, moja ya mgonjwa.
- Sirinji za mililita 1, 5, 10 na 20, sindano, na vifuniko vipya vya katheta.
- Antibayotiki: vankomisini, sefazolini, na moja ya bakteria wa gramu hasi (kundi lenye bakteria wa utumboni na Pseudomonas), yaani jentamisini au seftazidimu.
- Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya yuniti 5,000 kwa mililita, maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na maji ya sindano.
- Kipimajoto, mashine ya presha, kipima sukari na kipimo cha haraka cha malaria.

Nje ya kasha, kila mgonjwa awe na ukurasa kwenye daftari: katheta iliwekwa lini, upande gani, na ujazo wa kila njia ya ndani ya katheta. Ujazo huo umechapishwa kwenye katheta yenyewe, karibu na vibanio, na njia nyekundu na ya buluu mara nyingi hazilingani. Uandike mapema, maana baada ya miezi kadhaa ya kufutwa kwa spiriti maandishi hufifia.

Kama kituo chako hakiweki wala kutoa katheta, namba ya simu ya kituo kinachofanya hivyo nayo ni kifaa. Ibandike ukutani.

## Hatua ya 1: Shuku katheta, kisha tafuta sababu nyingine

Mgonjwa mwenye katheta akipata homa au baridi, katheta ni mshukiwa wa kwanza hata kama ngozi yake inang'aa kwa usafi. Wengi wenye bakteria kwenye damu hawana usaha wala wekundu pale mrija unapotokea. Dalili inayosema mengi ni saa: baridi inayoanza dakika 30 hadi 60 baada ya kuunganishwa. Mashine inapovuta damu kwa kasi, husukuma bakteria waliokaa ndani ya mrija moja kwa moja mwilini. Mgonjwa akikuambia, "Sista, nyumbani niko sawa, shida inaanza nikiunganishwa," amekupa nusu ya utambuzi.

Mzee wa miaka 70, au mwenye kisukari cha muda mrefu, anaweza asiwe na homa kabisa. Atakuja akiwa amechanganyikiwa, presha imeshuka, au amelegea tu. Huyu naye anaingia kwenye hesabu.

Malaria ipimwe, ndiyo, lakini isikuzuie kuendelea. Vipimo vya haraka vingi hutafuta protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo jibu la malaria kwa aliyetibiwa mwezi uliopita halimwondolei hatia mrija. Mpe dawa ya malaria ikibidi, na damu ya kuotesha uchukue vilevile.

Angalia pia mapafu, mkojo kwa anayekojoa bado, vidonda vya miguu kwa mwenye kisukari, na meno.

Tahadhari: wagonjwa wawili au watatu wakitetemeka zamu moja, usianze na katheta zao. Shuku maji ya mashine. Waondoe wote, simamisha kazi, na mwite fundi wa maji kabla ya kuunganisha mtu mwingine.

Kisha fungua bandeji, kwa barakoa na glovu. Wekundu, maumivu au usaha uliobaki ndani ya sentimita 2 kutoka tundu la ngozi ni maambukizi ya tundu. Ukivuka sentimita 2 kufuata njia ya mrija chini ya ngozi, hayo ni maambukizi ya njia, na uamuzi wake ni tofauti kabisa. Pima kwa rula. Kwa macho tu, wauguzi wawili hutoa majibu mawili.

## Hatua ya 2: Amua kama kuna hatari ya sasa hivi

Namba ya juu ya presha iko chini ya 90, kupumua kwa kasi, kuchanganyikiwa, mikono na miguu baridi: mgonjwa wa namna hii hasubiri hatua zipangwe vizuri. Acha kumtoa mgonjwa maji kwa mashine mara moja, mpe oksijeni akihitaji, mwite daktari. Maji ya mshipani mpe kidogo kidogo, mililita 250 kisha pima tena, kwa sababu figo zake hazitatoa utakachozidisha. Antibayotiki ziingie ndani ya saa moja, na katheta ipangiwe kutolewa leo hii.

Hata huyu damu yake ichukuliwe kwanza. Ukiwa na kasha tayari ni kazi ya dakika chache.

Asiye katika hali hiyo anaweza kuendelea na mashine huku ukimwangalia kwa karibu. Anaihitaji, na dawa zake zitaingia mwishoni mwa zamu, yaani kipindi chake cha kuunganishwa kwenye mashine.

## Hatua ya 3: Chukua damu kabla ya dawa yoyote

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo nitaikalia.

Lengo ni kupata damu kutoka sehemu mbili, mkononi na ndani ya katheta, kwa ujazo uleule na kwa wakati mmoja. Bakteria yuleyule akiota sehemu zote mbili, na chupa ya katheta ikatangulia ya mkononi kwa dakika 120 au zaidi, chanzo ni katheta. Maabara zenye mashine za kuotesha zinazojisomea, kama BACTEC, hurekodi muda huo zenyewe. Ni wewe tu wa kuuliza.

1. Vaa barakoa, mvalishe na mgonjwa, mgeuze uso upande wa pili. Nawa mikono.
2. Tumia mshipa wa nyuma ya kiganja. Usiguse mishipa ya kiwiko wala ya mkono wa mbele: hiyo ndiyo itakayotengenezewa fistula (mshipa wa mkono unaounganishwa na ateri ili utumike kusafishia damu), na ukiiharibu umemfunga mgonjwa kwenye katheta maisha.
3. Sugua ngozi kwa klorheksidini sekunde 30, kisha iache ikauke yenyewe. Ukipangusa au kupuliza umerudisha uchafu. Baada ya hapo usiuguse tena mshipa kwa kidole.
4. Futa vizibo vya chupa kwa spiriti. Kule kuondoa kifuniko cha plastiki hakukifanyi kizibo kilicho chini yake kuwa tasa.
5. Vuta mililita 20, gawa 8 hadi 10 kwa kila chupa. Kama una chupa moja tu kwa kila sehemu, iwe ile ya bakteria wanaohitaji hewa.
6. Sasa katheta. Sugua kichwa cha mrija baada ya kutoa kifuniko. Vuta heparini iliyofungiwa ndani pamoja na damu kidogo, tupa. Kwa sirinji mpya vuta kiasi kilekile ulichovuta mkononi.
7. Andika kwenye kila chupa: jina, sehemu, saa. "Mkono wa kushoto, 1:50." "Katheta, nyekundu, 1:55." Chupa zisizotajwa sehemu haziwezi kulinganishwa.
8. Peleka maabara haraka, ndani ya saa mbili, na ziingizwe kwenye mashine pamoja. Zisikae kwenye friji kamwe.

Mshipa wa mkono haupatikani? Hutokea sana. Kama mgonjwa ameshaunganishwa, chukua kutoka kwenye mrija wa damu wa mashine, na uandike hivyo. Hutaweza kulinganisha saa, lakini bakteria akiota na hakuna chanzo kingine cha homa, hiyo inatosha kumtibu kama maambukizi ya katheta.

Kuna usaha kwenye tundu? Chukua na pamba tasa, peleka pia.

Dalili kuwa umefanikiwa: chupa zimejaa hadi alama, zimeandikwa sehemu na saa, na hakuna antibayotiki iliyogusa mshipa bado. Maabara ikikurudishia bakteria wa ngozi kwenye chupa moja kati ya nne, huenda ni uchafu wa uchukuaji. Rudia kabla ya kumhukumu mgonjwa na katheta yake.

## Hatua ya 4: Dozi ya kwanza, bila kusubiri majibu

Majibu ya kwanza yanaweza kuchukua siku moja au mbili. Mgonjwa anaanza dawa mbili leo: moja ya stafilokoka (kundi la bakteria wakaao sana kwenye ngozi), ikiwemo ile sugu kwa dawa za kawaida, na nyingine ya bakteria wa gramu hasi.

Vankomisini miligramu 20 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 60 anapata miligramu 1,200. Iingie kwenye dripu wakati zamu inaelekea mwisho, gramu moja isiingie chini ya dakika 60. Kwa huyu wa kilo 60 anza zikiwa zimebaki dakika kama 90. Zamu zinazofuata, miligramu 500 katika dakika 30 za mwisho, na kama maabara yenu inapima kiwango cha dawa, pima kabla ya zamu. Mgonjwa akiwa mwekundu usoni na shingoni na kuwashwa, simamisha, kisha rudi kwa kasi ndogo zaidi. Mara nyingi ni kasi ya dripu iliyoleta hayo wala si mzio. Presha ikishuka au akivimba midomo, hilo ni jambo jingine: acha kabisa, ita daktari.

Jentamisini miligramu 1 kwa kilo, isizidi 100, baada ya kila zamu. Au seftazidimu gramu 1 baada ya kila zamu. Mimi napendelea seftazidimu kwa anayekojoa bado na kwa yeyote anayelalamika masikio, kwa kuwa jentamisini huua usikivu kimyakimya na haurudi.

Kwa nini si seftriaksoni, iliyo kwenye kila kabati? Haiui stafilokoka sugu wala Pseudomonas, wawili ambao hapa hatuwezi kuwaacha nje. Inashusha homa kiasi cha kumdanganya kila mtu kwamba kazi imeisha.

Jambo moja ambalo miongozo ya ughaibuni hailioni: dozi hizi zimepangwa kwa mgonjwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki. Wengi wetu tunahudumia wanaokuja mara mbili, na pengo linafika siku nne. Vankomisini huvumilia pengo hilo kuliko nyingine. Sefazolini na seftazidimu zinaweza kuisha nguvu kabla ya zamu inayofuata, hivyo mpangie mgonjwa aje kuchomwa katikati, au alazwe. Daktari na mfamasia waandike ratiba hiyo siku ya kwanza, usiwe mjadala wa siku ya tano.

## Hatua ya 5: Amua katheta ifanywe nini

Ndani ya katheta iliyokaa muda, bakteria hujijengea utando kama ukoga wa ndani ya tangi la maji. Dawa inayopita kwenye damu huua walioelea na kuwaacha waliojificha. Ndiyo maana homa hurudi dozi zikiisha. Kuacha katheta ilipo ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeutamka, kwa hiyo uandikwe kwenye faili na jina la aliyeuamua.

Itoke, bila majadiliano, kukiwa na mojawapo ya haya:

- Presha imeshuka au mgonjwa ana hali mbaya ya sepsisi (mwili kuelemewa na maambukizi).
- Maambukizi ya njia chini ya ngozi.
- Damu imeotesha Staphylococcus aureus (stafilokoka mkali kuliko wa ngozi wa kawaida), Pseudomonas aeruginosa au fangasi.
- Homa au bakteria wameendelea zaidi ya saa 72 juu ya dawa sahihi.
- Maambukizi yamefika kwenye vali za moyo, mifupa, au donge la damu kwenye mshipa.

Inaweza kubadilishwa kwa waya mahali palepale (mpya hupitishwa juu ya waya ulioingizwa kwenye ya zamani), na daktari aliyezoea, ikiwa homa imeisha ndani ya siku mbili au tatu, njia chini ya ngozi ni safi, na hakuna dalili kwamba maambukizi yamehamia kwingine. Kwa mgonjwa ambaye mishipa yake ya shingo imebaki mmoja, njia hii huokoa nafasi.

Inaweza kubaki, kwa kufungiwa dawa ndani, kwa masharti hayohayo, na pale bakteria ni stafilokoka wa ngozi wa kawaida au wa gramu hasi asiye Pseudomonas. Kwa Staphylococcus aureus usijaribu hata ndugu wakiomba: karibu nusu ya majaribio hayo hushindwa, na kushindwa kwenyewe ni moyo au uti wa mgongo.

Najua kipingamizi kilipo. Katheta mpya ni hela, na familia imeshauza kilichokuwa cha kuuzwa. Wape hesabu nzima: bei ya katheta upande huu, na upande ule wiki sita za dawa na kitanda cha wodi. Wengi huelewa wakielezwa mapema, na kwa heshima. Wakiambiwa tu mlangoni "mkanunue nyingine," watabaki kukuangalia.

## Hatua ya 6: Kuitoa salama

Katheta hizi zina kola (pete ya kitambaa kwenye mrija) iliyoshikana na nyama chini ya ngozi. Haivutwi kwa nguvu. Daktari huchoma ganzi, huiachanisha kola taratibu, ndipo mrija utoke. Kazi ya muuguzi ni hii:

Mlaze mgonjwa chali, kichwa chini kidogo. Mrija unapotoka, ashike pumzi. Sababu ni hewa: mshipa mkubwa ukiwa wazi na mgonjwa ameketi au anavuta pumzi, hewa inaweza kuingia moyoni na kumuua palepale. Bana mahali pa mshipa na pa tundu dakika 10 bila kuchungulia. Funika kwa gozi iliyopakwa vaselini na bandeji isiyopitisha hewa, ikae saa 24. Alale angalau nusu saa kabla ya kuinuka.

Kagua katheta nzima: ncha ipo, kola ipo. Ukitaka ncha ioteshwe, kata sentimita 5 za mwisho kwa mkasi tasa, weka kwenye kikopo kikavu tasa. Zimeharibika nyingi kwa kutiwa kwenye fomalini ya vipande vya nyama.

Asafishweje wakati huu? Kama damu yake inaruhusu, mwache bila mrija siku moja au mbili. Potasiamu au maji yakipanda, awekewe katheta ya muda mfupi mahali pengine, paja au upande wa pili. Ya muda mrefu irudi tu baada ya damu kuoteshwa tena na kutoka safi.

## Hatua ya 7: Kufungia dawa ndani ya katheta iliyobaki

Hii hufanywa pamoja na dawa za mshipani, kamwe si badala yake. Baada ya kila zamu, njia zote mbili hujazwa mchanganyiko wa antibayotiki na heparini, na hukaa humo hadi zamu inayofuata.

Kwa stafilokoka wa ngozi, mchanganyiko wa mililita 10 ni huu: changanya vankomisini ya miligramu 500 na mililita 10 za maji ya sindano. Kwa sirinji ndogo vuta mililita 0.5 tu. Ongeza mililita 5 za heparini ya 5,000, kisha mililita 4.5 za maji ya chumvi. Kila mililita sasa ina vankomisini miligramu 2.5 na heparini yuniti 2,500.

Kwa gramu hasi anayesikia jentamisini, yaani anayeuawa nayo: mililita 0.25 ya jentamisini ya miligramu 40 kwa mililita, heparini mililita 5, maji ya chumvi mililita 4.75. Inatoka miligramu 1 kwa mililita.

Tikisa sekunde 10 na uangalie kwenye mwanga. Ukiona ukungu au chembe zisizoyeyuka, tupa. Jaza kila njia kwa ujazo wake uliochapishwa, taratibu, bana, weka kifuniko kipya. Kinachobaki kitupwe.

Tahadhari kubwa: bandika karatasi kwenye katheta, "DAWA NDANI, VUTA KWANZA." Njia mbili za mililita 2 zina heparini kama yuniti 10,000. Mtu wa zamu nyingine akizisukuma ndani badala ya kuzivuta, mgonjwa anaweza kutoka damu vibaya.

Mwendo wa kawaida ni siku 10 hadi 14. Mchanganyiko usikae zaidi ya saa 48 panapowezekana. Kwa anayekuja mara mbili kwa wiki, hili ni sharti gumu. Aje abadilishiwe katikati, na akishindwa, kubadilisha kwa waya kunakuwa chaguo bora.

## Hatua ya 8: Majibu yakija, punguza dawa na weka tarehe ya mwisho

Majibu yasiingie kwenye faili bila mtu kuyasoma. Stafilokoka asiye sugu ahamishwe kutoka vankomisini kwenda sefazolini, miligramu 20 kwa kilo baada ya kila zamu, kwa sababu humuua upesi zaidi. Asiyeota gramu hasi aache jentamisini siku hiyohiyo. Chupa zote zikiwa safi na chanzo hakijaonekana, dawa zinaweza kusimamishwa.

Muda wa dawa:

- Stafilokoka wa ngozi, katheta imetoka: siku 5 hadi 7. Ikibaki: 10 hadi 14.
- Gramu hasi: siku 10 hadi 14.
- Staphylococcus aureus: wiki 4 hadi 6, na kipimo cha moyo.
- Candida (fangasi): siku 14 kuanzia damu ya kwanza safi, na macho yakaguliwe.
- Mfupa ukiingia: wiki 6 hadi 8.

Siku ya kwanza huhesabiwa kuanzia damu ilipotoka safi, wala si sindano ya kwanza. Tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, aione na yeye.

## Hatua ya 9: Saa 72

Siku ya tatu otesha damu tena, hata kama mgonjwa anacheka. Mafanikio yanaonekana hivi: homa imeisha ndani ya saa 48 hadi 72, haanzi baridi akiunganishwa, anakula, na chupa mpya hazioteshi kitu.

Kama sivyo, usiongeze dawa ya tatu. Katheta itoke kama ilikuwa imebaki, kisha tafuta bakteria walikohamia. Sikiliza moyo kwa mlio mpya. Uliza mgongo, bonyeza uti mmojammoja. Kagua magoti na nyonga. Maumivu mapya ya mgongo kwa mgonjwa wa katheta ni picha ya MRI au CT, dawa ya maumivu kama diklofenaki isubiri. Miguu ikianza kulegea, ni rufaa ya siku hiyo.

## Tundu peke yake likiwa na maambukizi

Hana homa, wekundu haujavuka sentimita 2: katheta inabaki. Otesha usaha kama upo, safisha kila zamu, paka mupirosini kama ni stafilokoka au klotrimazoli kama ni fangasi. Ikitoka usaha au haipungui, ongeza antibayotiki za kumeza siku 7 hadi 14. Soma kwanza karatasi ya mtengenezaji wa katheta, kwani marhamu fulani za mupirosini hulainisha mirija ya poliyurethani hadi ipasuke.

## Baada ya dozi ya mwisho

Kama katheta ileile ilibaki, damu ioteshwe tena wiki moja baada ya kumaliza dawa. Hii husahaulika kuliko zote kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Ikiota, katheta itoke.

Mwambie mgonjwa na anayemhudumia nyumbani: mpira haulowani, haufunguliwi na mtu wa famasi wala kutumika kwa dripu ya zahanati, na baridi yoyote ni safari ya kituoni siku hiyo. Wapigie simu siku wasiyokuja. Anayekosa zamu kwa kukosa nauli ndiye anayefika akiwa mbaya.

Mwisho, andika rufaa ya fistula wakati angali kwenye dawa, na upasuaji upangwe damu ikishakuwa safi. Huchukua wiki 6 au zaidi kukomaa, na kila wiki inayopotea hapo ni wiki nyingine ya mrija shingoni.